Mzee wa kishungi aliyepasua kofia ya chuma

Novemba 11, 1887, jijini Tokyo. Kofia ya vita ya chuma imewekwa tayari, Mfalme Meiji anatazama, na wanaume watatu wanasubiri zamu. Kazi ni moja tu: piga kwa upanga, ionekane kama itakatika.

Wawili wa mwanzo, Ueda Umanosuke na Henmi Sosuke, walikuwa mafundi wa upanga wa jeshi la polisi, majina makubwa kwelikweli. Wote wakatoka kapa. Kofia ile ilitengenezwa na ukoo wa Myochin, mabingwa wa kufua mavazi ya vita, na haikuwa ya mchezo.

Akabaki Sakakibara Kenkichi, mzee wa miaka 56.

Wajapani wana desturi ya zamani ya kupima upanga na mkono wa anayeushika kwa kukata kitu. Siku hizi hukatwa mikeka iliyoviringishwa na mianzi. Enzi za samurai zilikatwa hata maiti za waliohukumiwa kifo. Kofia ya chuma ndiyo fainali yenyewe, maana upanga ukiingia vibaya unavunjika, na jina la mpigaji linavunjika nao.

Sakakibara alizaliwa 1830 katika nyumba ya samurai wa kipato kidogo, mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo. Akiwa kijana akaingia kwa mwalimu Odani, mkuu wa shule ya upanga ya Jikishinkage. Hakuwa na pesa, alikuwa na mikono. Akapanda hadi kufundisha chuo cha kijeshi cha serikali, kisha akawa karibu na shogun Tokugawa Iemochi, mtawala wa nchi.

Halafu mambo yakageuka. Iemochi akafariki 1866, na miaka miwili baadaye utawala wa mashogun ukaanguka. Japani mpya ikataka bunduki, suti na nywele fupi. Samurai wakakosa mishahara, na mabingwa wa upanga wakabaki mtaani hawana kazi, kama wachezaji ambao ligi yao imefutwa usiku mmoja.

Hapo ndipo mzee alipocheza kama rais wa klabu. Mwaka 1873, eneo la Asakusa, akaanzisha mapambano ya upanga ya kiingilio. Akaiga mieleka ya sumo: uwanja wa wazi, upande wa mashariki na wa magharibi, mwamuzi, mtangazaji wa majina. Walipigana kwa mianzi na kinga za mwili, wanawake nao wakiwemo, wakitumia silaha ndefu ya mpini. Watu wakajaa. Hata Waingereza waliokuwa Tokyo waliingia kupambana.

Wapo samurai waliomnunia, eti anauza heshima ya upanga kwa senti za mlangoni. Lawama hiyo ilikuwa rahisi kwa mwenye chakula nyumbani. Waigaji wakazuka kila kona, serikali nayo ikayapiga marufuku kwa muda, lakini mafundi wengi walikuwa wameshapata cha kula na sanaa yao haikufa.

Mwaka 1876 ikaja sheria ya kukataza kutembea na upanga. Sakakibara akabuni fimbo ya mbao yenye kishikizo cha kuning'iniza kiunoni, akaendelea na safari zake. Kishungi chake cha kisamurai hakukikata.

Ajabu ni kwamba mzee huyu wa mambo ya kale hakuwafungia wageni mlango. Erwin Bälz, daktari Mjerumani aliyefundisha udaktari Tokyo, alijifunza upanga kwake. Heinrich von Siebold, wa ubalozi wa Austria, naye pia. Wakati vijana wengi wa Kijapani waliona upanga ni ushamba, Wazungu hao walikuwa wakitokwa jasho kwa Sakakibara.

Basi siku ile ya 1887 akasimama mbele ya kofia, mkononi ana upanga wa Dotanuki, aina nzito isiyo na mapambo, ya kazi tu. Akauinua juu, akashusha. Chuma kikafunguka, ufa wa sentimita kama 10. Upanga haukuvunjika.

Shule akamwachia mwanafunzi wake, Yamada Jirokichi. Alifariki Septemba 11, 1894, kishungi kikiwa bado kichwani.