Vastupala na Mali Yake

Tajiri aweke wapi mali yake? Soma habari za Vastupala wa Gujarat, nchini India.

Vastupala alifuata dini ya Kijaini, inayokataza kuua kiumbe cho chote. Karibu na mwaka 1220, yeye na mdogo wake Tejapala walifanywa mawaziri wa mtawala wa Dholka. Wakatajirika sana.

Masimulizi yanasema kwamba siku moja walikwenda kufukia dhahabu, kwa kuogopa wezi. Walipochimba, wakakuta dhahabu nyingine! Hawakujua la kufanya. Anupama, mke wa Tejapala, akawashauri waiweke juu mlimani, mahali ambapo kila mtu ataiona, lakini hakuna atakayeweza kuiiba.

Wakafuata shauri hilo. Mwaka 1231 hekalu la marumaru nyeupe lilikuwa tayari kwenye Mlima Abu. Walilijenga kwa kumbukumbu ya Luniga, ndugu yao aliyefariki. Mafundi walichonga dari yake mfano wa ua la yungiyungi. Vastupala alijenga pia hekalu kwenye Mlima Girnar.

Leo mawaziri hao hawapo, na dhahabu yao haipo. Hekalu la Abu lingali limesimama, na watu huenda kulitazama.

Shauri hilo lilitoka kwa mwanamke. Je, nyumbani kwako shauri la mama husikilizwa?