Emin Pasha: Mwanzilishi wa Bukoba aliyefuatwa akiwa salama, akapotea bila kufuatwa

Mtu akichelewa kurudi, awe mvuvi ziwani, mpanda mlima Kilimanjaro au msafiri wa mbali, nyumbani huzuka swali moja: tusubiri mpaka lini? Wapo wanaopiga yowe kabla ya wakati, na wapo wanaonyamaza mpaka wakati unapita. Msikilizaji wetu, leo tunakuletea maisha ya mtu aliyepatwa na yote mawili, na jina lake limeandikwa katika historia ya mkoa wetu wa Kagera.

Emin Pasha alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, ambao leo uko Poland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake alifariki, mama akaolewa tena, naye mtoto akabatizwa Mkristo. Alisomea udaktari Ujerumani, kisha akaenda kufanya kazi katika dola ya Waturuki. Mwaka 1875 alifika Khartoum, Sudan, na huko akajulikana kwa jina la Emin. Mwaka 1878 akawa gavana wa Equatoria, jimbo ambalo leo limegawanyika kati ya Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Alikuwa mtu mpole, asiyeona mbali, anayependa kukusanya ndege na mimea na kuipeleka kwa wataalamu wa Ulaya.

Njia zafungwa

Miaka ya 1880 wafuasi wa Mahdi waliiteka Sudan. Januari 1885 Khartoum ilianguka na Jenerali Gordon akauawa. Emin alikatika huku kusini. Hakuna meli wala posta iliyomfikia. Akahamia Wadelai, karibu na Ziwa Albert, akaendelea kutawala na watu wake.

Barua zake chache zilipenya kupitia Buganda. Rafiki yake, Dkt. Wilhelm Junker, alifika Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1886 na habari zake. Katika barua hizo Emin aliomba risasi na vifaa ili aweze kubaki. Kuondolewa lilikuwa jambo jingine. Lakini Ulaya watu walisikia kwamba Emin anaangamia, wakachanga fedha, wakamtuma Henry Morton Stanley.

Waokoaji wanaookolewa

Stanley aliondoka Zanzibar Februari 1887 na wapagazi zaidi ya 600. Badala ya kupita njia fupi ya bara, alizunguka kwa meli hadi mdomo wa mto Congo, kisha akakata msitu wa Ituri. Njaa, vidonda na mishale viliwamaliza watu. Kundi lililoachwa nyuma huko Yambuya liliteseka zaidi. Wengi walikufa kwa maradhi na kwa kula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vizuri, jambo ambalo kila mama wa Nshamba anajua hatari yake.

Aprili 1888 Stanley alikutana na Emin kando ya Ziwa Albert. Mwokoaji alikuja amekonda, watu wake wamevaa matambara. Aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewapa waokoaji chakula na nguo.

Mambo yakaharibika zaidi. Askari wa Emin walipoona wageni wale na kusikia kwamba watahamishwa, wengi waliasi. Agosti 1888 walimfunga gavana wao huko Dufile. Utawala alioushikilia miaka mingi ukavunjika baada ya msaada kufika.

Aprili 1889 msafara ulianza kurudi pwani. Emin alikuwa na binti yake mdogo, Ferida, ambaye mama yake alikwisha kufariki. Walivuka mto Kagera, wakapita Karagwe na ziwa Burigi, na kufika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Zaidi ya nusu ya wapagazi waliotoka Zanzibar hawakurudi. Usiku ule ule, kwenye karamu ya kumpongeza, Emin alianguka kutoka ghorofani kwa sababu ya macho yake mabovu, akalazwa hospitali.

Safari ya mwisho

Alipopona aliingia utumishi wa Wajerumani. Novemba 1890 alianzisha kituo cha Bukoba kando ya ziwa. Miezi michache baadaye, mwaka 1891, aliondoka kuelekea magharibi, akivuka mipaka ya amri aliyopewa. Wakubwa wake walimtaka arudi. Hakurudi. Ndui iliingia katika msafara. Desemba 1891 alimrudisha mwenzake, Dkt. Franz Stuhlmann, pamoja na watu wazima wa afya, ambao walifika Bukoba mapema mwaka 1892. Yeye akabaki na wagonjwa, karibu kipofu.

Safari hii hakuna msafara uliotumwa kumfuata. Oktoba 1892 aliuawa huko Kinena, Congo, na watu wa wafanyabiashara wa watumwa. Ferida alilelewa Ujerumani na shangazi yake.

Sisi tujifunze nini?

Kwanza, anayeondoka aseme anakwenda wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Mvuvi wa Muleba anayekwenda visiwani aache habari hizo nyumbani na kwa uongozi wa mwalo.

Pili, saa ikipita, uliza kabla ya kuhangaika. Piga simu mwalo wa pili, uliza mitumbwi iliyorudi. Huenda yuko salama kisiwani akisubiri upepo utulie.

Tatu, ukikosa jibu, au wenzake wakirudi bila yeye, au hali ya hewa ikichafuka, usisubiri kukuche. Toa taarifa polisi kwa namba 112, au Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Sema mahali alikoelekea, rangi ya mtumbwi na idadi ya watu.

Nne, wanaokwenda kutafuta wawe na maboya, mafuta ya kutosha na mtu wa nchi kavu anayejua njia yao. Wapagazi wa Stanley nao walikuwa na mama na watoto waliowasubiri Zanzibar, na hakuna aliyetumwa kuwatafuta.