Robert Smalls asikumbukwe kwa meli tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme machache juu ya Robert Smalls, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1915. Kila anapotajwa, nasikia habari za meli tu.

Kweli kisa cha meli ni kikubwa. Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839 huko Beaufort, South Carolina. Alipofika miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya vibarua, na ujira ukaenda kwa bwana wake. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nahodha na maofisa wazungu walikuwa wamelala nchi kavu. Smalls na mabaharia wenzake watumwa wakaing'oa nanga meli iitwayo Planter, wakawapitia wake zao na watoto. Yeye alivaa kofia ya nahodha, akatoa ishara zilizozoeleka, ngome ya Sumter ikawaacha wapite mpaka kwa manowari za Kaskazini.

Lakini mimi nasema kazi yake kubwa ilikuwa ya kutunga sheria. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba wa South Carolina, akapigania shule za bure kwa watoto wote, weusi kwa weupe. Naye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani! Mwaka huo huo aliingia katika Bunge la jimbo, na kuanzia 1875 katika Bunge la taifa mjini Washington, ambako alikaa, kwa kutoka na kurudi, hadi 1887.

Mwaka 1877 alitiwa hatiani kwa rushwa, akasamehewa 1879. Mahasimu wake ndio walikuwa wametwaa serikali ya jimbo, kwa hiyo hukumu ile siiamini, ila si haki kuificha.

Mwaka 1895 uliitishwa mkutano mwingine wa katiba, shabaha yake ikiwa kuwanyang'anya weusi kura. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa 6 tu. Likawekwa sharti kwamba mpiga kura ajue kusoma na kuandika, au awe na mali ya dola 300. Yaani elimu ile ile aliyoipigania Smalls ikageuzwa mtego wa kuwanasa watu wake. Alisimama akapinga, akashindwa kwa wingi wa kura, akakataa kutia sahihi.

Alifia Beaufort, katika nyumba ya bwana wake wa zamani, aliyoinunua ilipopigwa mnada kwa ajili ya kodi.

Msomaji wako,
Tanga