Machungwa ya Mvita na Safari ya Vasco da Gama

Nje ya lango la Ngome ya Yesu hapakosi muuza madafu wala muuza machungwa. Juzi alasiri nilinunua chungwa, nikamenyewa, nikaenda nalo ubavuni mwa ukuta, upande ule unaotazama mlango wa bandari ya kale. Na kila nikila chungwa mahali hapo hunijia akilini bwana mmoja ambaye watu wengi humdhania kuwa ndiye aliyeijenga ngome ile, na hali hakuiona hata siku moja. Bwana huyo ni Vasco da Gama. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na wakati huo Vasco alikwisha kufa miaka 69.

Skuli tulisomeshwa kisa chake kama kisa cha mizinga na matanga. Mimi leo, msomaji mpenzi, nataka kukisimulia kwa njia ya chakula, kwani nionavyo huko ndiko kuliko na jambo lenyewe.

Alizaliwa Sines, mji mdogo wa pwani ya Ureno, katika miaka ya 1460. Ujana wake haujulikani sana. Tarehe 8 Julai 1497 aliondoka Lisbon na vyombo vinne na watu wapatao 150 au 170 hivi, akitafuta njia ya bahari ya kwenda Hindi. Nduguye Paulo alikuwa nahodha wa chombo kimoja, São Rafael. Shehena ya chakula chao ilikuwa biskuti ngumu kama mawe, nyama ya chumvi, mafuta, siki na divai. Chakula hicho chashibisha. Mtu aweza kuvuta kamba na kupandisha tanga kwa biskuti na nyama miezi mingi. Wala mabaharia wale hawakufa kwa njaa.

Mwezi Januari 1498, vyombo vilipotia nanga katika mto wa Quelimane, Msumbiji ya leo, wengi waliugua. Mikono na miguu ilivimba. Ufizi ulikua ukafunika meno, hata mgonjwa akashindwa kutafuna. Mmoja wa waliokuwamo safarini aliandika habari hizo siku kwa siku, na hakuwa na jina la maradhi yale. Sisi jina tunalo: kiseyeye.

HAZINA YA MWILI

Hapa naomba tutue tanga kidogo. Kila aliyefunga Ramadhani ameijua hazina ya mwili wake, hata kama hakusomea uganga. Baada ya daku, sukari iliyotokana na chakula huwekwa akiba kwenye ini, nayo hutolewa kidogo kidogo mchana kutwa. Akiba hiyo ni ya takriban siku moja tu. Ikipungua, mwili huanza kuyachoma mafuta, na mafuta ya mtu wa kawaida humweka hai wiki kadhaa. Ndiyo maana mfungaji huweza kuifikia magharibi akiwa na nguvu zake, ingawa koo limekauka.

Lakini kuna vitu ambavyo si kuni za kuchomwa. Ni vyombo vya kazi, na bila hivyo ujenzi wa mwili husimama. Kimojawapo ni vitamini C. Ngozi, mishipa ya damu, ufizi na mifupa yetu hushikwa pamoja na nyuzi ziitwazo kolajeni. Mwili huzisuka nyuzi hizo kila siku badala ya zile zilizochakaa, na vitamini C ndiyo inayozifanya zikaze. Ikikosekana, nyuzi zasukwa legelege. Ufizi watoka damu, meno yalegea, na hata kovu la jeraha lililopona miaka mingi laweza kufumuka upya. Mwisho ni mauti.

Wanyama walio wengi hawana shida hiyo, kwa sababu ini au figo zao hutengeneza vitamini C kwa sukari. Mbuzi huitengeneza, paka huitengeneza. Binadamu na nyani hatuwezi. Kimeng'enya cha kumalizia kazi hiyo hatunacho. Hatuna budi kuila. Na hazina yetu yote, kwa mtu aliyekula vizuri, ni kama gramu moja na nusu, haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Ikikatwa chanzo chake hupungua kila siku, na baada ya mwezi mmoja hadi mitatu kiseyeye chaingia. Tafadhali yaweke moyoni masiku hayo, kwani tutayahitaji mbele.

ZAWADI YA MFALME

Vasco alifika mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Kwa hesabu ya Hijria ilikuwa katikati ya Shaaban ya mwaka 903, mji ukikaribia Ramadhani. Alitia nanga nje, hakuingia. Siku chache kabla ya hapo alikuwa Msumbiji, na huko aliupigia mji mizinga. Habari pwani hii hutembea haraka kuliko jahazi, na sidhani kwamba watu wa Mvita walimngojea bila ya kumjua.

Hata hivyo desturi ya kumpokea mgeni ilitimizwa. Kesho yake mfalme wa Mvita alimpelekea kondoo, pamoja na machungwa mengi, malimau na miwa, na pete ya kuwa ni amani. Kondoo yule hakuwa na haja ya chungwa lolote, maana ini lake lilimtosha. Waliokuwa na haja ni wale waliolala chini ya sitaha na ufizi uliooza. Na mwandishi wao mwenyewe ameeleza kwamba wagonjwa wote walipata afya walipofika Mombasa. Sababu aliyoitoa ni hewa nzuri ya mji.

Hewa ya Mombasa ni nzuri, sikatai. Lakini chungwa moja la kiasi lina miligramu 50 hadi 70 za vitamini C, na miligramu 10 kwa siku zatosha kuzuia kiseyeye. Mgonjwa akipewa machungwa, uchovu humwondoka katika siku moja mbili, na ufizi huacha kutoka damu kabla ya wiki mbili kwisha. Wareno walikaa hapo tangu tarehe 7 hadi 13. Kwa hukumu yangu wale watu walitibiwa na mfalme wa Mvita bila ya wao kujua, na bila ya yeye kujua.

Yaliyofuata hayakuwa mazuri. Tarehe 10 chombo cha Vasco kilishindwa kuingia bandarini, marubani aliowachukua Msumbiji wakajitupa majini, naye akaingiwa na shaka. Usiku ule aliwamwagia mafuta ya moto Waislamu wawili aliokuwa nao chomboni ili waseme kuna hila gani. Usiku huohuo waogeleaji wa Mvita wakaja kuzikata kamba za nanga. Nani alianza ubaya? Wareno wameandika upande wao. Wa Mvita haukuandikwa, au kama uliandikwa haukutufikia. Walipoondoka tarehe 13, waliondoka na watu wazima wa afya.

Malindi alipokewa vizuri, na mfalme wa huko, aliyekuwa na ushindani wake na Mvita, akampa rubani. Zamani ilidaiwa kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid, mwanachuoni mkubwa wa bahari kutoka Julfar. Watafiti wa leo hawaikubali habari hiyo. Yaelekea alikuwa mtu wa Gujarat. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi lilipoanza kushika, na siku ya 24 wakaiona nchi ya Hindi. Kwa muda mfupi hivyo hazina ya mwili haikwishi. Hawakusumbuliwa na kiseyeye.

Sasa tazameni kurudi kwake. Nahodha yeyote wa pwani yetu angemwambia angoje kaskazi lishike. Yeye alikuwa amegombana na watu wa Calicut, hana subira, akaondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba 1498, majira ya tanga mbili, upepo haujui unakotaka kwenda. Mara shwari, mara upepo wa mbele. Alipoiona Mogadishu ilikuwa tarehe 2 Januari 1499. Miezi mitatu kasoro siku chache! Masiku niliyowaomba muyaweke moyoni ndiyo hayo.

Watu 30 walikufa katika kivuko hicho, juu ya wengine kama hao waliokwisha kufa kabla. Kila chombo kilibaki na watu saba au wanane walioweza kufanya kazi, nao pia si wazima kamili. Lau upepo ungekawia wiki mbili zaidi, pengine vile vyombo vingeokotwa vinaelea bila mtu, na tarehe za pwani hii zingekuwa nyingine.

Nimejaribu kupiga hesabu. Chungwa moja kwa wiki, yaani miligramu 70 kwa siku saba, lampa mtu zile 10 za kila siku. Safari ya wiki 13 yataka machungwa 13 kwa kila mtu. Hata tukihesabu mengine yataoza, au yatapoteza nguvu kwa kukaa, ni kapu moja kwa watu wachache. Kapu la namna hiyo lingeletwa pwani asubuhi moja na kuuzwa kabla ya adhuhuri.

Alipofika Malindi tarehe 7 Januari, jambo la kwanza alilotuma mtu nchi kavu kulitafuta lilikuwa machungwa, kwani wagonjwa wenyewe ndiyo waliyokuwa wakiyalilia. Basi miili yao ilikwisha jua, ingawa vitabu vyao havikujua. Yaliletwa, lakini kwa wengi yalichelewa, wakafa palepale Malindi. Tarehe 12 akapita karibu na Mombasa bila ya kusimama. Sijui kama wale waliopona miezi tisa nyuma walinyanyua vichwa kuutazama mji. Mbele ya Mtangata, kusini ya Tanga, ilimbidi aichome moto São Rafael, chombo cha nduguye, kwa kuwa hapakuwa na mikono ya kukiendesha. Paulo mwenyewe alikufa mgonjwa kisiwani Terceira, karibu kufika kwao. Kati ya wote waliotoka Lisbon, hata nusu hawakurudi.

Vasco aliporudi mara ya pili, mwaka 1502, alikuja na mizinga mingi zaidi. Kilwa aliilazimisha itoe kodi ya dhahabu. Baharini karibu na Hindi aliikamata merikebu iliyokuwa ikirudi kutoka Makka, akaichoma pamoja na mamia ya waliokuwamo, wanaume, wanawake na watoto. Sina la kuongeza hapo. Mombasa nayo iliteketezwa na Wareno wengine, Francisco de Almeida mwaka 1505 na Nuno da Cunha mwaka 1528, kabla ya ngome hii kusimamishwa. Walioijenga wakaja kuzingirwa humo humo tangu Machi 1696 hadi Waomani walipoingia Desemba 1698, na ndani ya kuta hizi maradhi yaliua watu wengi kuliko silaha.

Dawa ya kiseyeye, iliyokwisha kuonekana hapa Mombasa mwaka 1498, iliendelea kujulikana na kusahauliwa. Daktari wa Kiskoti James Lind aliwajaribu mabaharia 12 mwaka 1747, wawili wawili kwa dawa mbalimbali, na waliopona upesi ni wale wawili waliopewa machungwa na malimau. Hata hivyo manowari za Uingereza zilingoja hadi 1795 kupewa maji ya limau kwa amri. Kitu chenyewe kilichomo kilitengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Mhungaria Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Huku kwetu mambo haya yamo jikoni siku zote. Ndimu hukamuliwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva, na hapo ndipo panapofaa, maana moto huiua vitamini C. Kachumbari hailali motoni. Watoto wakila mabuyu hudhani wanachezea tu, kumbe unga ule wa mbuyu unayo nyingi. Pera lalishinda chungwa mara tatu na zaidi. Na hili huwa lanichekesha: mpera na mpilipili asili yake ni Amerika, na ni safari za hao hao Wareno zilizoufungulia mlango ukaingia huku. Mchicha nao unayo, ila kina mama wakiuchemsha mpaka ukalala na kuyamwaga maji, nyingi imekwenda na maji.

Vasco alirudi Hindi mara ya tatu mwaka 1524, sasa mzee mwenye cheo cha makamu wa mfalme. Alikaa miezi mitatu tu, akafa mjini Kochi tarehe 24 Desemba. Alizikwa huko, na mwaka 1539 mifupa yake ikapelekwa Ureno.

Nilipokwisha kula nilimrudia yule muuza machungwa, nikamwuliza yametoka wapi. Akaniambia ya Muheza. Kutoka Muheza hadi ule ufuo wa Mtangata ilipochomwa São Rafael si safari ya siku nzima. Nikanunua manne mengine ya kupeleka nyumbani.