MGALA MUUE NA HAKI YAKE MPE: MAISHA YA KARL DRAIS

Mpenzi msomaji, baiskeli ikipita njiani na gunia la mahindi nyuma, wala hugeuki kuitazama. Lakini je, umewahi kujiuliza ni nani aliyewafundisha watu kukaa juu ya magurudumu mawili, moja mbele na jingine nyuma, wasianguke? Bwana huyo aliitwa Karl Drais, na kisa chake kina utamu na uchungu.

Drais alizaliwa tarehe 29 Aprili 1785 mjini Karlsruhe, Ujerumani, katika dola la Baden. Babake alikuwa jaji mkubwa. Kijana huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, kisha akaajiriwa kuwa afisa wa misitu. Lakini akili yake haikutulia msituni. Mwaka 1813 alitengeneza gari la magurudumu manne lililokwenda kwa nguvu za watu, bila farasi.

Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia. Majivu yake yalitanda angani, na mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Mazao yaliharibika na chakula cha farasi kikawa ghali mno. Wako wanahistoria wanaoamini kwamba shida hiyo ndiyo iliyomsukuma Drais kutafuta kipando kisichokula.

Basi tarehe 12 Juni 1817 alitoka Mannheim juu ya kifaa chake, akashika barabara ya kwenda Schwetzingen, akageuka njiani na kurudi. Alikwenda kama kilomita 14 kwa muda usiotimia saa moja! Kifaa chenyewe kilikuwa cha mbao, uzito wake kama kilo 22. Pedeli hakikuwa nazo, wala mnyororo. Mwendeshaji alikaa kitako, akasukuma ardhi kwa miguu, huku akiegemeza mikono juu ya kibao na kuongoza gurudumu la mbele. Hapo ndipo penye siri: ukiweza kuligeuza gurudumu la mbele upande unakoelekea kuanguka, huanguki.

Mwaka 1818 serikali ya Baden ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Lakini wapi! Nje ya Baden hati hiyo haikuwa na nguvu, na watu wa Paris na London wakaiga na kuuza. Tena barabara za siku hizo zilikuwa na mashimo, kwa hivyo waendeshaji wakakimbilia njia za wapita kwa miguu. Miji kadhaa, Mannheim ikiwa mojawapo, ikapiga marufuku. Watu wakamcheka.

Balaa haikuishia hapo. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja, Karl Sand, alimuua mwandishi Kotzebue, akahukumiwa kifo. Babake Drais hakumwombea msamaha, na waliompenda Sand wakamwandama mtoto kwa ajili ya baba. Drais akaenda zake Brazil mwaka 1822, asirudi hadi 1827. Hata hivyo hakuacha kubuni. Mwaka 1821 alikuwa ameunda mashine ya kuandikia yenye vitufe 25.

Mwaka 1849 wananchi wa Baden walipoasi, Drais aliacha cheo chake cha kikabaila, akataka aitwe raia tu. Majeshi ya Prussia yalipozima uasi, alinyang'anywa malipo yake ya uzeeni. Akafa tarehe 10 Desemba 1851, maskini hohehahe.

Lakini mbegu yake haikufa. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedeli kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza akatoa baiskeli ya mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ambayo ndiyo babu wa hizi zetu. Na ajabu ni kwamba leo watoto wadogo hununuliwa vibaiskeli visivyo na pedeli ili wajifunze kwanza kutoanguka. Kumbe mzee aliyechekwa alianzia penyewe!

Ndugu wanafunzi, mwenzetu akija kwenye maonyesho ya sayansi na kitu chake cha mbao na waya, tusimpigie kelele. Tumwulize kinafanyaje kazi. Drais alipata sifa kaburini. Sisi tuwape wetu haki yao wangali hai.