Robert Lowth, askofu aliyetufundisha kusoma mashairi ya Biblia

Tukifungua Zaburi au kitabu cha Isaya, katika Biblia nyingi tunaona mistari mifupi mifupi, tofauti na vitabu vya Wafalme. Mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa ili wasomaji waelewe sababu yake ni Robert Lowth, askofu wa Kanisa la Anglikana huko Uingereza.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1710. Baba yake, William Lowth, alikuwa mchungaji na aliandika maelezo juu ya vitabu vya manabii. Robert alisoma Winchester, kisha Oxford, na mwaka 1741 akachaguliwa kuwa profesa wa ushairi katika chuo kikuu hicho. Wasomi wa wakati ule walithamini hasa washairi wa Wagiriki na Waroma. Yeye akachagua kufundisha juu ya mashairi ya Waebrania. Hotuba zake 34, alizozitoa kwa Kilatini, zilichapishwa mwaka 1753.

Alionyesha kwamba ushairi wa Kiebrania hausimami juu ya vina. Unasimama juu ya mawazo yanayojibizana: mstari wa kwanza unasema neno, wa pili unaliitikia. Alitaja namna tatu. Mara nyingine mstari wa pili unarudia wazo kwa maneno mengine, kama mwanzo wa Zaburi 19, ambapo mbingu na anga zinatoa ushuhuda mmoja. Mara nyingine unapinga, kama Mezali 10, ambapo mwana mwenye hekima anawekwa kando ya mwana mpumbavu. Na mara nyingine unaendeleza na kukamilisha wazo la kwanza. Mwalimu Myahudi wa Italia, Azariah de' Rossi, alikuwa ameona jambo linalofanana na hilo katika karne ya 16, na Lowth mwenyewe alimtaja.

Alifundisha pia kwamba manabii walikuwa washairi. Mwaka 1778, akiwa tayari askofu wa London, alitoa tafsiri yake ya Isaya iliyopangwa kwa mistari ya shairi.

Maisha yake hayakukosa machozi. Mwaka 1768 binti yake Mary alikufa akiwa na miaka 13, na baba akamwandikia maneno ya kaburi kwa Kilatini. Wengi wa watoto wake walimtangulia kufa. Mwaka 1783 aliombwa kuwa askofu mkuu wa Canterbury, cheo cha juu kabisa katika kanisa lake, lakini alikataa kwa sababu ya afya yake. Alifariki tarehe 3 Novemba 1787.

Kazi yake inatuhusu sisi tunaohubiri na kufundisha. Mtu asiyejua jinsi mistari hii inavyojibizana anaweza kutafuta mafundisho mawili pale nabii alipokuwa anakaza jambo moja. Anaweza hata kuwachanganya waamini. Lakini tusidharau mstari wa pili na kuuona ni marudio matupu. Wasomi waliokuja baada ya Lowth wameonyesha kwamba mara nyingi unaongeza nguvu, au unaleta wazo karibu zaidi na moyo.

Tunaona hapa pia wema wa Mungu. Vina hupotea mtu anapotafsiri, lakini mawazo yanayojibizana yanavuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa hiyo mama anayesoma Zaburi kwa Kiswahili anapokea sehemu kubwa ya uzuri uleule uliosikiwa Yerusalema.

Wiki hii tusome Zaburi 19 kwa sauti, nyumbani au katika kikundi cha maombi. Mmoja asome mstari wa kwanza, mwingine aitikie kwa wa pili. Kisha tuulizane: mstari wa pili umerudia, umepinga, au umeendeleza? Bwana atufungulie masikio tusikie Neno lake.