Sudell: Bwana wa Preston aliyefadhili soka kwa fedha zisizo zake

MASHABIKI wanaofika katika Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos wamezoea kuona klabu zinazoishi kwa mfuko wa mtu mmoja. Sofapaka, ambayo kwa misimu kadhaa iliutumia uwanja huo kama nyumbani, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2009 katika msimu wake wa kwanza kwenye daraja hilo, na kwa miaka mingi mzigo wake ulibebwa na mfanyabiashara Elly Kalekwa. Katika klabu za namna hiyo, swali la kila msimu ni kama mfadhili bado anazo.

Mashabiki hao hao wakigeukia runinga kutazama kandanda ya Uingereza, hukuta swali likiwa limepinduliwa: je, mwenye nazo anaweza kuzuiwa kuzitumia? Ligi Kuu ya huko iliamua mwaka wa 2013 kwamba klabu isipate hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 katika kipindi cha miaka mitatu. Novemba 2023 Everton ilipokonywa pointi 10 kwa kuvuka mpaka huo, adhabu ambayo ilipunguzwa hadi pointi 6 baada ya rufaa.

Wengi hudhani mzozo huu uliletwa na matajiri wa mafuta. La hasha. Una umri wa zaidi ya miaka 140, na mtu aliyeuanzisha hakuwa hata tajiri. Alikuwa meneja wa viwanda vya pamba katika mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza, na jina lake ni William Sudell.

Sudell alizaliwa mwaka wa 1850 mjini humo. Aliingia katika viwanda vya familia ya Goodair akiwa kijana, akapanda ngazi hadi akakabidhiwa usimamizi wake. Nje ya kazi alipenda michezo ya kila aina, na alikuwa afisa katika kikosi cha askari wa kujitolea, ndiyo sababu alijulikana kwa cheo cha Meja. Klabu yake, Preston North End, ilianza kwa kriketi na kujaribu raga kabla ya kuikumbatia kandanda takriban mwaka wa 1880, katika uwanja wa Deepdale ambao inautumia hadi leo.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Machi 1881 Preston iliwakaribisha majirani zao, Blackburn Rovers, ikafungwa mabao 16 bila jibu. Mtu mwingine angerudi kwenye kriketi. Sudell alielekeza macho yake Scotland, ambako wachezaji walikuwa wamejifunza kupasiana mpira badala ya kuukimbiza kama kundi la mbuzi, akaanza kuwavuta mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 1883 alimpata Nick Ross, nahodha wa Hearts ya Edinburgh. Wengine wakafuata, wakiwemo mdogo wake Ross, Jimmy, na mshambuliaji John Goodall. Katika msimu wa 1886-87 lango la Preston lilipata kulindwa na Arthur Wharton, mzaliwa wa Accra katika nchi inayoitwa sasa Ghana, ambaye wanahistoria wengi humtaja kuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa kulipwa duniani.

Tatizo ni kwamba malipo yalikuwa haramu. Shirikisho la Soka la Uingereza, FA, lilikuwa mikononi mwa waungwana wa kusini waliosomea shule za kifahari, watu wasiohitaji mshahara wa Jumamosi, na kwao mchezo ulikuwa wa ridhaa. Klabu za kaskazini zililipa kwa siri. Ziliwatafutia Waskoti kazi ambazo hazikuwachosha, na kuwapenyezea noti baada ya mechi.

Januari 1884 Preston ilitoka sare ya 1-1 na Upton Park ya London katika Kombe la FA. Wageni wakawasilisha malalamiko kwamba wenyeji wao walikuwa wachezaji wa kulipwa. Mbele ya kamati, Sudell hakukana wala hakutafuta visingizio. Alikiri kwamba Preston ilileta wachezaji na kuwatafutia kazi, na akaeleza kwamba kila klabu kubwa ya eneo lake ilifanya vivyo hivyo. Preston ikatupwa nje ya mashindano ya mwaka huo.

Adhabu hiyo haikumaliza neno. FA ilipojaribu kukaza kamba zaidi baadaye mwaka huo, klabu za kaskazini, Sudell akiwa miongoni mwa vinara wao, zilitishia kujitenga na kuunda shirikisho lao. Watawala wakasalimu amri. Julai 1885 mchezaji wa kulipwa alihalalishwa, ingawa kwa masharti: katika mechi za kombe ilimlazimu awe amezaliwa au kuishi kwa miaka miwili katika eneo la maili sita kutoka klabu yake, na hakuruhusiwa kuketi katika kamati za FA.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. FA ilimuuliza Sudell kama wachezaji wake walilipwa. Haikumuuliza fedha zilitoka wapi, na kwa takriban miaka kumi iliyofuata hakuna kiongozi yeyote wa soka aliyemuuliza. Sheria ilitazama mkono unaopokea, ikauacha mkono unaotoa.

Baada ya kuhalalishwa, fedha zilifanya kazi yake. Inasimuliwa kwamba Sudell aliwafunza wachezaji mbinu kwa kupanga vipande vya sataranji juu ya meza ya biliadi, jambo la ajabu katika zama ambazo kocha hakuwa na jina wala kiti. Oktoba 1887 Preston iliishinda Hyde mabao 26-0 katika Kombe la FA. Machi iliyofuata, katika fainali waliyodhani wameishinda kabla ya kuicheza, vijana wake walilazwa 2-1 na West Bromwich Albion. Kiburi si maungwana.

Mwaka huo huo wa 1888, klabu 12 ziliunda ligi ya kwanza ya soka duniani kwa wito wa William McGregor wa Aston Villa. Sudell anatajwa kuwa ndiye aliyependekeza jina la ligi hiyo. Wenzake wakamchagua kuwa mweka hazina.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa Preston peke yake. Ilicheza mechi 22, ikashinda 18 na kutoka sare 4. Ilifunga mabao 74, ikafungwa 15 tu. Kombe la FA ilililetea Deepdale bila kuruhusu bao hata moja, ikihitimisha kwa kuilaza Wolverhampton Wanderers 3-0 kwenye fainali. Mashabiki wa Arsenal, ambao Machakos haina uhaba wao, hujivunia msimu wa 2003-04 ambapo vijana wa Arsène Wenger hawakushindwa katika mechi 38 za ligi. Walikuwa wakifuata nyayo ambazo zilikuwa zimekaa miaka 115 bila mtu wa kuzikanyaga.

Preston ilitetea ubingwa mwaka wa 1890, kisha ikamaliza ya pili mara tatu mfululizo. Klabu nyingine zilikuwa zimejifunza kulipa, na baadhi zilikuwa na miji mikubwa na viingilio vingi kuliko Preston. Mwaka wa 1893 klabu ikageuzwa kuwa kampuni ya hisa na utawala wa Sudell ukafikia kikomo.

Miaka miwili baadaye vitabu vya hesabu vya viwanda vilifunguliwa. Ilibainika kwamba kwa miaka kadhaa meneja huyo alikuwa akichota fedha za mwajiri wake na kughushi mizania ili kuficha pengo. Kiasi kilichotajwa mahakamani kilizidi pauni 5,000, mali nyingi mno wakati ambapo mfanyakazi wa kiwandani alipata pauni moja hivi kwa wiki. Sehemu kubwa ilikuwa imekwenda kwa wachezaji na kwa ukarimu wa klabu. Mwaka wa 1895 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Aliyemnasa hakuwa FA wala Ligi. Ni waajiri wake, na hawakuwa wakitafuta mambo ya kandanda.

Watawala wa soka nao waliendelea kutafuta breki. Mgawo wa faida kwa wenye hisa uliwekewa kikomo cha asilimia 5, na wakurugenzi wakakatazwa kulipwa. Mwaka wa 1901 mshahara wa mchezaji ulifungwa kwenye pauni 4 kwa wiki ili klabu zenye fedha zisiwameze wanyonge. Mwaka wa 1908 ikatungwa sheria kwamba mchezaji asinunuliwe kwa zaidi ya pauni 350. Hii ya mwisho haikudumu hata mwaka mmoja. Ile ya mshahara ilidumu, lakini gharama yake ilimwangukia mchezaji, si tajiri, na bahasha za siri ambazo Sudell alizikiri mwaka wa 1884 zikarejea kwa mlango wa nyuma.

Sudell hakuwepo kuyashuhudia mengi ya hayo. Alipotoka gerezani alihamia Afrika Kusini na familia yake, akaanza maisha upya mjini Cape Town kama mwandishi wa habari za michezo. Alifariki huko Agosti 1911 kwa homa ya mapafu. Preston haijawahi tena kuwa bingwa wa ligi tangu alipoiacha. Sheria ya kikomo cha mishahara ilimpita umri kwa nusu karne. Ilifutwa mwaka wa 1961, baada ya wachezaji kutishia kugoma.